Unga wa OTC kwa kuku mmoja mgonjwa: pale unapofaa na pale unapopoteza siku

Ingia duka la dawa za mifugo Mtwara mjini, sema "kuku wangu kazubaa, hali chakula", na mara nyingi utatoka na pakiti ya OTC, ule unga wa njano wenye asilimia 20 ya dawa. Tunaupima hapa kwa kazi moja tu, kumtibu kuku mmoja wa nyumbani, yule aliyepewa jina na watoto. Dawa yenyewe ni nzuri. Kasoro ni kwamba huuzwa kama tiba ya kila ugonjwa, na pakiti yake imepimwa kwa banda zima.

OTC ni oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria. Inawazuia wasizaliane, kisha kinga ya kuku mwenyewe ndiyo inayomaliza kazi. Kwa hiyo inasaidia kwenye mafua ya bakteria: uso umevimba upande mmoja au pande zote, jicho limefumba kwa usaha, kamasi inanuka ukimsogelea. Inasaidia pia kwa kuku anayekoroma usiku wiki nzima huku mchana anadonoa kama kawaida, na kwa kipindupindu cha kuku kikiwahiwa.

Kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, haifanyi kitu. Mdondo ni kirusi. Kinyesi cha kijani, mabawa yaliyolegea, kuhema mdomo wazi, shingo inayopinda hadi kichwa kinatazama juu: ukiona hayo, pakiti tano hazitambadilishia lolote. Mtenge kuku huyo haraka na uwaite wataalamu. Ndui nayo ni kirusi. Vigaga vya kwenye kilemba na kope hupakwa ayodini, jicho likasafishwa kwa maji ya chumvi kidogo, basi. Minyoo haiguswi na OTC.

Kabla ya kwenda dukani, mlaze mgonjwa usiku mmoja juu ya gunia jeupe la salfeti au karatasi, asubuhi utazame kinyesi. Cha kawaida kina sehemu ya kahawia na kofia nyeupe ya mkojo. Chenye damu, hasa kwa kuku mdogo wa wiki 3 hadi 8, kinaelekeza kwenye koksidia, vimelea vya utumbo, na hapo dawa ya kununua ni amproliamu. Shika pia gole, ule mfuko chini ya shingo, kabla hajala. Asubuhi linatakiwa liwe tupu. Likiwa gumu kama mpira, au limejaa majimaji na mdomo unanuka uchachu, chakula hakishuki, na kumrundikia dawa juu yake ni kumuumiza.

Sasa kipimo, ambapo wengi hukosea. Pakiti nyingi za asilimia 20 zinaelekeza gramu 100 kwa lita 200 za maji, yaani gramu 1 kwa lita 2. Yako ikisema vingine, fuata yako. Kijiko cha chai si kipimo cha kuaminika: kikiwa cha kilima hubeba mara mbili ya kilichosawazishwa, na aina moja ya unga ni nzito kuliko nyingine. Kama huna mizani ndogo, gawa kwa nusu. Mwaga pakiti ya gramu 100 juu ya karatasi kavu kivulini, isawazishe kwa ukingo wa kadi ya benki, kata katikati. Chukua nusu, ikate tena. Ukikata mara saba unabaki na takriban gramu 0.8, kiasi kinachotosha chupa ya maji ya lita moja na nusu. Unga uliobaki urudishe mara moja kwenye chombo chenye mfuniko. Unyevu wa pwani yetu huufanya mabonge ndani ya siku chache, na ukigeuka kutoka njano kwenda kahawia, utupe.

Maji ya kuchanganyia yana umuhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Oksitetrasaiklini hujifunga kwenye kalsiamu na chuma, na ikishajifunga haiingii vizuri mwilini. Maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria yana kalsiamu nyingi. Tumia ya mvua, au ya bomba yasiyoacha ukoko. Chombo kiwe cha plastiki, si bati. Kwa siku za dawa ondoa chokaa, makombe yaliyosagwa na maganda ya mayai, na usimpe maziwa. Mwanga wa jua nao unaiharibu, kwa hiyo chupa ikae kabatini na bakuli kivulini, mchanganyiko mpya kila baada ya saa 24. Mtu anaweza kupima unga vizuri kabisa, akaweka bakuli juani lenye maji ya kisima, halafu akasema dawa ni feki.

Udhaifu mkubwa wa unga huu kwa kuku mmoja ni mwingine: unategemea kuku anywe. Mzima hunywa karibu robo lita kwa siku, zaidi kwenye joto. Mgonjwa hunywa kidogo sana, kwa hiyo anayehitaji dawa ndiye anayeikosa. Nunua hapo hapo, au duka la dawa za binadamu, bomba la sindano la mililita 5 bila sindano. Mshike kifuani mwako akiwa wima. Weka tone mbili tatu pembeni ya mdomo, subiri ameze, weka tena. Usisukume maji katikati ya ulimi: tundu la hewa liko nyuma yake tu, na maji yakiingia humo anakufa mikononi mwako. Mililita 10 kila saa mchana kutwa ni mwanzo mzuri. Asiyeweza kumeza kabisa haponi kwa unga; huyo ni wa afisa mifugo wa kata, ambaye anaweza kumchoma sindano.

Mpe siku 3 hadi 5 kama lebo inavyosema, hata kilemba kikirudi kuwa chekundu siku ya pili. Kukatisha ndiko kunakorudisha mafua yakiwa sugu. Siku ya tatu ikipita bila badiliko lolote, huenda ugonjwa si ule uliodhania. Mayai yake yasiliwe siku zote za dawa na siku za ziada zilizoandikwa kwenye lebo.

Kwenye kaunta hiyo hiyo utashawishiwa vitamini. Zinafaa kwa kuku aliyekaa siku kadhaa bila kula, isipokuwa kama umepewa amproliamu. Amproliamu huua koksidia kwa kuwanyima vitamini B1. Ukimwagia B1 kwenye bakuli lile lile umevilisha vimelea vyenyewe. Tunaona vinauzwa pamoja kwenye mfuko mmoja, na muuzaji anapaswa kulijua hili. Amproliamu ya asilimia 20 kwa kawaida ni gramu 0.6 kwa lita, siku 5 hadi 7, kisha vitamini ndiyo zifuate.

Kwa kuku anayeharisha, tungeweka pesa ya kwanza kwenye ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kabla ya OTC. Pakiti ya lita moja iweke kwenye lita mbili, kwa sababu kuku hastahimili chumvi nyingi kama binadamu, na muwekee maji matupu pembeni achague. Dafu, ambalo wengi hukimbilia huku kwetu, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri, ila halichukui nafasi ya ORS. Chakula kiwe uji mzito wa dona wenye yai la kuchemsha lililopondwa, kidogo kidogo, baada ya maji.

Na joto. Usiku wa kusi, Juni na Julai, mgonjwa aliyejikunyata manyoya yamesimama anatumia nguvu zote kujipasha moto. Taa za LED hazitoi joto la maana, kwa hiyo kumweka kwenye tenga lenye balbu ya siku hizi hakutoshi. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kanga, ibadilishwe ikipoa, inafanya kazi vizuri zaidi, mradi tenga liwe na nafasi ya yeye kusogea mbali.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kupulizia mikorosho, na vumbi la salfa huwasha macho. Kuku aliyeshinda shambani akirudi na macho mekundu yanayotoa machozi safi, bila uvimbe wala harufu, muoshe macho kwa maji mengi safi na umfungie ndani siku mbili kabla ya kumnunulia dawa ya mafua. Vilevile funua manyoya ya kwapa na kuzunguka haja, utazame kope. Viroboto walioganda kwenye kilemba na kope humdhoofisha hadi aonekane ana homa. Wapake vaselini nzito wakose hewa, kisha ushughulikie banda.

Kuhusu mahali pa kununua: duka zuri huuliza umri wa kuku, kinyesi kikoje na wangapi wengine wanaumwa kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Linaloupima unga kijiko kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo liache. Hujui tarehe ya mwisho, hujui asilimia, na unga umekaa kwenye mwanga. Kama pakiti nzima ni nyingi kwako, changieni majirani wawili watatu. Akifa kuku na wengine wanaanza kuzubaa, mpeleke angali mbichi, ndani ya mifuko miwili na barafu, kwenye kituo cha TVLA (maabara ya mifugo ya serikali) kilichopo Mtwara, kabla ya kununua pakiti nyingine.

Jambo moja halipo kwenye pakiti. Kuku aliyepona mafua au kukoroma kwa muda mrefu kwa OTC anaweza kubaki na vimelea bila dalili, akawaambukiza wengine miezi baadaye. Mrudishe kwa wenzake wa zamani waliokwisha kuishi naye, lakini vifaranga na kuku wageni kutoka mnadani wasilale naye banda moja, wala wasinywe bakuli lake.