Fundi wa Mazeze wa Majengo na Ufito wa Kuvulia wa Marehemu Baba

Majengo, hapa Dodoma mjini, iko karakana ndogo isiyo na kibao, ambayo utaitambua kwa mazeze yaliyotundikwa mlangoni na kwa harufu ya gundi inayochemshwa. Mwenyewe hutengeneza mazeze na marimba za Kigogo, na asipokuwa na kazi hiyo hukarabati viti. Mwezi Juni nilimpelekea ufito wa kuvulia samaki ambao marehemu baba aliachiwa na mhandisi wa maji, Mwingereza, alipokuwa akirudi kwao. Sasa nimeurudisha nyumbani na kuuvulia, na nimeona nieleze kwa kirefu jinsi kazi ilivyofanyika, kwa sababu najua wapo wenye fito za aina hii zilizosimama nyuma ya kabati, na fundi asiyezielewa anaweza kuziharibu kwa siku moja.

Ufito huu si mwanzi mzima kama ule wanaoutumia watoto bwawani. Mwanzi wa aina iitwayo Tonkin, unaoota Guangdong kusini mwa China, hupasuliwa, ukachongwa vibanzi sita vyenye pembe tatu, kisha vibanzi hivyo vikagandishwa pamoja kwa gundi hadi vikawa kijiti kimoja chenye pande sita. Nguvu yote ya mwanzi imo katika nyuzi zilizosongamana chini kidogo ya ngozi ya nje, na ndiyo maana ngozi hiyo huachwa upande wa nje. Mwaka juzi, kabla sijamjua fundi huyu, nilimpa fundi mwingine wa mji mwingine ncha moja kati ya mbili zilizokuja na ufito, naye akaipiga msasa hadi ikang'aa kama mguu wa meza. Ilipendeza machoni, lakini nilipoipinda kidogo tu ilibaki imepinda. Jambo hilo liliniuma sana, kwa kuwa nyuzi zikishaondoka hakuna dawa ya kuzirudisha.

Fundi wa Majengo alianza kwa kuniambia wazi kwamba hajawahi kushika kitu cha namna hii, na akaomba akae nacho juma zima bila kukigusa kwa kifaa chochote. Nilipokwenda siku ya nane alikuwa ameshausoma ufito kama daftari. Nyumbani tuliamini siku zote kwamba ni kazi ya Hardy, kampuni ya Alnwick, Uingereza, iliyoanza mwaka 1872 na ambayo fito zake za mianzi ziliuzwa kwa jina la Palakona. Muuza vitu vya kale mmoja aliwahi hata kunihakikishia hivyo, akaongeza kwamba maungio yake, yaani vile vishikizo vya madini vinavyounganisha vipande vya ufito, ni ya ile aloi nyeupe ya shaba, nikeli na zinki ambayo wakusanyaji huithamini. Fundi alinisogeza dirishani, akanionyesha ukingo wa ungio la dume, lile linaloingia ndani ya jike, mahali liliposuguliwa na miaka mingi ya kuunganishwa na kutenganishwa: chini ya weupe ilionekana rangi ya manjano. Aloi ile ingekuwa nyeupe hadi ndani, kwa hiyo hii ni shaba ya manjano iliyopakwa nikeli. Tukatafuta jina la mtengenezaji kwenye pete inayoshikilia kigurudumu cha mshipi, tukatafuta maandishi ya wino chini ya vanishi juu kidogo ya mpini, tukatafuta namba. Hatukupata chochote. "Mwalimu," aliniambia, "tusiupe ukoo ambao haukuudai wenyewe." Nilisikitika kidogo, lakini nilimheshimu zaidi, maana angeweza kuninyamazia na kunitoza bei ya kitu cha thamani kubwa.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni namna alivyotafuta ugonjwa. Alikishika kipande cha kati kwa vidole viwili, akakiinua karibu na sikio, akawa anakigonga kwa ukucha taratibu kutoka shinani kwenda juu. Mlio ulikuwa mkavu na wazi, kisha ghafla ukawa mzito, ukaendelea hivyo kwa urefu wa shubiri moja, halafu ukafunguka tena. Akakipindua, na pale penye mlio mzito tukaona mstari mwembamba mweusi kati ya vibanzi viwili. Gundi ilikuwa imeachia. Fito nyingi za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulainika kwa maji na joto na hukatika ikikauka kupita kiasi. Kiangazi chetu kirefu si rafiki yake. Mtu aliyezoea kusikiliza ubao wa zeze hakuhitaji chombo kingine.

Kwa kuwa gundi ile ile ndiyo anayoipika kila siku, hakuhangaika. Alilainisha mahali palipoachia kwa kitambaa chenye maji ya moto, akasafisha mabaki, akaacha pakauke kabisa, akapaka gundi mpya, kisha akazungushia uzi kwa mzunguko wa kulia na wa kushoto, ukipishana, ili kijiti kisijisokote. Akakilaza juu ya ubao ulionyooka. Vanishi ya zamani aliikwangua kwa mgongo wa kisu bila msasa kuugusa mwanzi. Nyuzi za hariri zinazofungia pete za kupitishia mshipi alizipaka nta ya nyuki kwanza. Pete moja iliyopotea aliitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Si ya asili, lakini imefungwa kwa uzi tu na inaweza kuondolewa siku ikipatikana inayofanana. Vanishi mpya alipaka mara tatu, nyembamba, alfajiri kabla upepo haujaamka, katika chumba alichonyunyizia maji sakafuni ili vumbi litulie. Anayeijua Dodoma ya Agosti ataelewa kwa nini.

Kasoro zipo. Kazi aliyoahidi kuimaliza kwa wiki nne ilichukua wiki kumi na moja. Hariri ya kijani niliyoichagua imegeuka karibu nyeusi, kwa sababu vanishi ilinywewa na uzi kabla haujapakwa kitu cha kuukinga. Nilikuwa nimemwomba ajaribu kwanza kwenye kijiti cha pembeni, akasahau. Risiti haandiki, kwa hiyo mpige picha mzigo wako kabla ya kuuacha. Nililipa shilingi 180,000, na kwa kazi ya mkono ya kiwango hiki siioni kuwa bei kubwa, ingawa kwa ufito usio na jina pengine hazitarudi siku ya kuuza. Mimi siuzi.

Jumamosi iliyopita niliupeleka bwawa la Hombolo. Maungio yaliingia kwa sauti ndogo ya hewa inayotoka, dalili kwamba dume na jike vinashikana vizuri. Perege wa tatu alikuwa mkubwa kidogo kuliko kiganja changu, naye alipovuta, mpindo ulianzia nchani ukashuka polepole hadi nikausikia ndani ya mpini, mahali ambapo vidole vya baba vimeacha alama. Nilipoulaza kwenye majani ulinyooka kama ulivyokuwa. Hata hivyo sitaupeleka Mtera kwa kambare wakubwa, na fundi mwenyewe amenikataza kuuacha ndani ya gari juani.

Ile ncha iliyopigwa msasa nimemwachia. Ameahidi kuichongea vibanzi vipya iwapo tutapata mwanzi mgumu wa kutosha, na kwa sasa imelala juu ya rafu yake, katikati ya mikono ya mazeze ambayo haijatiwa nyuzi.