Kupigwa picha kwa siri: tufuate mfano wa Ufaransa au wa Uingereza?

Katika malupango (viwanja vya nyumba) mengi ya mitaa ya Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, wapangaji wanaoga katika bafu moja la uani. Simu ya jirani ikichungulia juu ya ukuta na kumpiga picha mama anayeoga, mama huyo atashtaki kwa msingi gani? Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006 kinalinda maisha ya faragha. Adhabu ni kazi ya sheria nyingine, na hapo mifano ya nje inasaidia.

Ufaransa, kifungu 226-1 cha kanuni za adhabu kinauliza kwanza kuhusu ridhaa. Kumpiga mtu picha mahali pa faragha bila yeye kukubali kunaleta kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi euro 45,000. Udhaifu wake ulikuwa maneno "mahali pa faragha": aliyepiga picha chini ya sketi ndani ya metro alikuwa mbele ya watu. Sheria ya 2018 ikaziba tundu hilo.

Uingereza inaangalia nia. Sheria ya 2003 inadai mwendesha mashtaka athibitishe nia ya starehe ya kingono: ya mchunguliaji mwenyewe au, kwa picha, hata ya mtu mwingine atakayeitazama. Ile ya 2019, kuhusu picha za chini ya nguo, inaongeza nia ya kudhalilisha, kutia hofu au kutia uchungu. Kifungo kinafika miaka miwili, ndiyo, lakini anayesema "nilitaka pesa tu" anaweza kupata mlango wa kutorokea.

Mimi nachagua ridhaa. Mama wa Katuba anaweza kusema mbele ya hakimu kwamba hakukubali. Moyo wa jirani yake hawezi kuuthibitisha.