Interferoni au intalukini-2: ipi huibana saratani zaidi?

Wanafunzi wa uuguzi hapa Tanga hawauchoki ubishi huu. Zote mbili ni protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari, na zote zilifanywa dawa: interferoni-alfa iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, intalukini-2 mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa.

Kiutendaji, interferoni hupiga kotekote. Hupunguza kasi ya seli ya saratani kugawanyika, kisha huifanya itambulike kwa urahisi na seli za kinga. Intalukini-2 haina haja ya kuigusa saratani. Huzidisha seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, nazo ndizo zinazoua. Kinachoudhi ni kwamba hulisha pia zile seli T zinazotuliza kinga, yaani hujitia breki yenyewe.

Kwa uangalizi sioni cha kubishania. Interferoni huchomwa chini ya ngozi, mara nyingi mara 3 kwa wiki. Mtu wa Ngamiani mwenye friji aweza kuitumia akiwa kwake, ingawa homa, uchovu na hata sonona humwandama. Intalukini-2 ya dozi kubwa hupitishwa mshipani kila baada ya saa 8, wodini, maana mishipa huvuja maji na presha ikaporomoka.

Ila wale wachache ambao intalukini-2 huwafutia uvimbe wote, wengi wao hukaa miaka bila ugonjwa kurudi. Hapo interferoni haioni ndani.

Basi mwenye moyo na mapafu imara ana sababu ya kuulizia intalukini-2. Mzee wa presha, hapana. Na siku hizi daktari huenda akaziruka zote mbili, akaanza na dawa mpya zinazoifungulia kinga breki.