Vitambaa vya altare kutoka Kariakoo: mshono safi, nakshi mahali pasipofaa

Kabla ya Pasaka parokia yetu ilinituma, mimi nikiwa msakristia (mtunza vyombo na vitambaa vya ibada), kutafuta korporale nne, yaani vitambaa vya kutandaza altareni chini ya kalisi, kikombe cha divai ya Misa, na purifikatori kumi na mbili, vitambaa vya kufutia kalisi hiyo, nami nikaishia katika chumba kidogo cha ushonaji Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya kelele za machinga, ambako mama mmoja na mabinti wawili hushona sare za kwaya na vitambaa vya kanisani.

Kabla hajashika mkasi, mama huyo aliniuliza, "Kaka, hii ya kuwekea kalisi inakunjwa kuelekea ndani, siyo?" Swali hilo lilitosha kumpa kazi. Korporale hukunjwa sehemu tatu kwa upana na tatu kwa urefu, ikibaki na alama za miraba tisa, na mikunjo yote huelekea ndani ili chembe ya Hostia, mkate uliowekwa wakfu, ikisalia isidondoke sakafuni. Mafundi niliowahi kuwatumia walinikabidhi korporale zilizokunjwa kama leso, na sikuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kinachowekwa juu yake.

Alinishauri tutumie kitani badala ya polista, kwa sababu purifikatori isiyonyonya huisambaza divai ndani ya kalisi pasipo kuifuta. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya tuliyozoea, lakini alikiloweka kitambaa kwanza kirudi chote, kisije kikapungua baada ya kufuliwa, na pindo alizishona nyembamba, kona zikiwa zimenyooka.

Kasoro ipo, tena si ndogo kwa mtu wa sakristia. Korporale mbili zilitariziwa msalaba katikati kwa uzi mnene, hata kalisi ikayumba nilipoijaribu, na nyuzi zilizoinuka namna hiyo ni maficho ya chembe ambazo padre anatakiwa kuzikusanya kwa patena, kisahani cha Hostia. Mahali pa msalaba ni karibu na ukingo wa mbele, na uzi uwe mwembamba. Alizifumua bila kinyongo wala malipo ya ziada, ila kazi iliyoahidiwa Jumatatu ya Juma Kuu niliipata Jumatano jioni, nami nikapiga pasi usiku, Alhamisi Kuu ikiwa mlangoni.

Miezi miwili sasa ninazifua kwa utaratibu uliokumbushwa katika maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2004, kwamba maji ya kwanza yamwagwe katika shimo maalumu la sakristia au ardhini mahali panapofaa, ndipo vitambaa vifuliwe kama kawaida. Jiki sijatumia. Hakuna pindo lililofumuka, na madoa ya divai hutoka kwa maji baridi yakiwahiwa siku ileile.

Agizo letu lijalo ni kitambaa cheupe cha kufunika altare nzima. Safari hii nitakwenda na mchoro wa karatasi unaoonyesha msalaba ukae wapi, na nitakwenda mwezi mzima kabla ya sikukuu.