Gori vatra: Mji Unaosubiri Mgeni, Baba Anayemsubiri Mwanawe

Filamu ya Gori vatra ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Pjer Žalica wa Bosnia na kupata tuzo ya Chui wa Fedha katika tamasha la Locarno, inatupeleka Tešanj, mji mdogo ambao vita vya 1992 hadi 1995 vimeuachia magendo, danguro, rushwa na uhasama na majirani Waserbia. Miaka miwili baada ya vita inafika habari kwamba Rais Bill Clinton wa Marekani huenda akautembelea, na kwa muda mfupi mji mzima unatakiwa uonekane umetakata na umepatana.

Sisi wa Kigoma tunaielewa pilikapilika hiyo bila kuelezwa, kwa kuwa tumeona mawe ya kando ya barabara yakipakwa chokaa Mwenge wa Uhuru unapokaribia. Nilicheka sana, hasa pale kikosi cha zimamoto kinapolazimika kufanya kazi pamoja na Waserbia ambao juzi tu walikuwa upande wa pili wa mtutu.

Hata hivyo, roho ya filamu hii ni Zaim, mkuu wa polisi mstaafu anayeigizwa na Bogdan Diklić. Mwanawe Adnan hakurudi kutoka vitani, naye hakubali kwamba amefariki. Anakunywa pombe na kuzungumza naye kana kwamba kijana yuko palepale, huku mwanawe mwingine, Faruk, ambaye ni zimamoto, akikosa namna ya kumsaidia. Diklić anaigiza kwa utulivu mkubwa, bila kuomba machozi ya mtazamaji, na mwongozaji hamfanyi mzee huyu kuwa kichekesho hata mara moja, ingawa kila kitu kinachomzunguka kinachekesha.

Niliitazama nyumbani, Mwanga hapa Kigoma, pamoja na jirani yangu, mama aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Uvira, Kongo, mwaka 1996. Filamu ilipofika katikati aliniuliza, "Baba mdogo, kaburi la huyo mtoto liko wapi?" Nilimjibu kwamba hilo ndilo wasilolijua, na tangu hapo hakucheka tena, bali alimfuatilia Zaim peke yake.

Kasoro zipo. Wahusika ni wengi mno, mambo ya wafanya magendo yanachukua muda ambao ningependa wapewe baba na wanawe, na wanawake hawakupewa nafasi ya kutosha, jambo linaloumiza kwa sababu kwenye miji iliyotoka vitani wao ndio hubeba nyumba.

Mazungumzo ni ya Kibosnia, na nakala niliyoipata ina maandishi ya tafsiri kwa Kiingereza, hivyo nililazimika kumfasiria jirani yangu sentensi kwa sentensi. Zilipofika sehemu za Zaim na Adnan, alinishika mkono ninyamaze.