Kipimo cha damu au cha mkojo baada ya kupandikizwa kiinitete

Kiinitete kikishajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, seli zake za nje huanza kutoa homoni ya hCG, na vipimo vyote viwili huitafuta homoni hiyohiyo. Cha mkojo hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya dawa ya Kirumba, jijini Mwanza, lakini jibu lake ni mistari tu: ipo au haipo. Cha damu hutaja kiwango, na hapo ndipo ubora wake ulipo, kwa kuwa daktari hukirudia baada ya saa 48 hivi aone kama kiwango kinapanda ipasavyo. Kikipanda kwa kusuasua, huenda mimba inaharibika au imetunga nje ya mji wa mimba, jambo ambalo kijiti cha kupimia mkojo hakiwezi kulionyesha. Kwa kipimo hicho cha damu, mwanamke anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, atalazimika kuvuka ziwa tena kuja Mwanza. Safari hiyo ni nzito, hata hivyo ningemsihi avuke. Aliyechomwa sindano ya hCG kabla ya kuvunwa mayai asikimbilie kijiti mapema, maana mabaki ya dawa huweza kuleta mistari miwili pasipo mimba. Wala mstari mmoja usimfanye aache projesteroni, homoni anayopewa ili kuitegemeza mimba, kabla damu haijapimwa.