Tahadhari: Dalali wa magari Tabora anayejificha nyuma ya "mtumishi aliyehamishwa"

Ndugu wakazi wa Tabora, Urambo, Sikonge na Nzega, ninawatahadharisha kuhusu mbinu ya kuuza magari yaliyotumika ambayo imemwachia mdogo wangu gari bovu na mkopo wa SACCOS anaoendelea kuulipa. Muuzaji simtaji jina kwa kuwa suala limefikishwa polisi, lakini mbinu yake inapaswa kujulikana kabla hajampata mwingine.

Dalali huyo alitangaza Noah kwenye makundi ya WhatsApp, akidai kuwa ni mali ya mtumishi wa serikali aliyehamishiwa mkoa mwingine na kwamba bei imeshuka kwa sababu mwenyewe ana haraka. Gari lililetwa nyumbani injini ikiwa tayari ina moto na imeoshwa ikang'aa, likajaribiwa kwa kuzunguka mjini tu, ambako hakuna mlima wala mwendo mrefu. Ubovu ulijitokeza kwenye barabara ya kwenda Nzega: mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka, na fundi alipofungua kifuniko cha oili akakuta ute mweupe kama maziwa, dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanaingia kwenye oili. Oili yenyewe ilikuwa nzito kupita kiasi, jambo linalofanywa ili kuficha kelele za injini iliyochoka.

Hila kubwa zaidi imo kwenye karatasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda zaidi mnunuzi anayenunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kwa kuwa muuzaji wa namna hiyo anawajibika bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Anayeuza gari lake binafsi habanwi kwa kiwango hicho. Ndiyo maana dalali, ambaye kwa kweli alilinunua gari ili aliuze kwa faida, humweka mbele "mtumishi" asiyeonekana, kisha huandika kwenye mkataba kwamba gari limeuzwa "kama lilivyo". Msisaini sentensi hiyo. Dai kwamba injini ni nzima na haijawahi kufunguliwa, kama alivyotamka mbele ya mdogo wangu, liandikwe kwenye mkataba na mwenye jina lililo kwenye kadi asaini mwenyewe, kitambulisho chake kikiwa mezani.

Nendeni na fundi mliyemchagua ninyi, wala si yule anayeletwa na dalali. Gari likaguliwe asubuhi injini ikiwa baridi, na namba ya chesisi ilinganishwe na ya kwenye kadi. Kilomita chache kwenye dashibodi zisiwaridhishe ikiwa pedali na usukani vimelika. Malipo yapitie benki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike bila kuacha kadi mikononi mwa mtu wa tatu.

Kwa aliyekwisha kuuziwa gari la namna hii, muda ni jambo zito, kwa sababu ukiendelea kulitumia bila kulalamika unaweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Liegeshe, mwandikie muuzaji barua ya kulikataa na ubaki na nakala, upate ripoti ya fundi iliyosainiwa, na usifute ujumbe wala tangazo lolote. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kutenguliwa na aliyedanganywa. Kujipatia fedha kwa hadaa ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na matangazo ya kupotosha yanaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ushindani. Msikubali kuambiwa na dalali kwamba haya ni "madai ya kawaida" ya kumalizana pembeni. Mdogo wangu aliahidiwa hivyo hivyo, na simu ya dalali haikupatikana tena.

Waliouziwa gari kwa maelezo yanayofanana na haya wafike polisi na mikataba yao, kwa kuwa malalamiko ya watu kadhaa dhidi ya mtu mmoja yataonyesha kwamba hii ni biashara yake na kwamba huyo mtumishi hayupo.